Baiskeli ya kaboni kwa nusu bei, na wewe uko Mtwara

Marahaba, mdogo wangu. Kwa faida ya wengine, swali lako kwa ufupi ni hili. Unaishi Mtwara mjini, na mwisho wa juma unatoka na baiskeli: mara vilima vya Mikindani, mara Newala, na ukienda nyumbani Masasi unazunguka kwenye ile milima ya mawe. Korosho za familia zimelipa vizuri msimu huu. Umeona duka la Ujerumani linauza baiskeli ya milimani ya fremu ya kaboni yenye shokapu mbele na nyuma, mwendo wa gurudumu milimita 150 mbele na 140 nyuma, magurudumu ya inchi 29, modeli ya 2022, mpya kwenye boksi. Ilikuwa yuro 5,200, sasa ni 2,700. Saizi iliyobaki ni L, na wewe una sentimita 172. Rafiki yako anayesoma huko anaweza kuja nayo kwa ndege. Unauliza kama uinunue, au kaboni itakufia mikononi huku Kusini.

Wewe unaogopa kaboni, mimi naogopa shokapu ya nyuma na saizi. Mambo hayo mawili yakikaa sawa, na ukatenga fungu la vipuri kabla hujalipa, nunua. Moja likikataa, iache ipite, zitakuja nyingine.

Tuanze na bei, maana watu wengi hapa wakisikia nusu bei wanasema ni utapeli. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa korona, watu wa Ulaya na Marekani walikimbilia baiskeli mpaka zikaisha madukani. Viwanda na maduka vikaagiza kwa pupa. Mizigo ilipofika, kuanzia 2022, wateja walikuwa wamesharudi kwenye mambo yao na maghala yamefurika. Hata Wiggle Chain Reaction ya Uingereza, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa baiskeli kwa mtandao, ilijikuta mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi Oktoba 2023. Kwa hiyo modeli ya 2022 kuuzwa nusu bei ni jambo la kawaida, si lazima iwe ya wizi. Kinachotia shaka ni tovuti ambayo kila kitu kimeshushwa asilimia 80, haina anwani wala simu, na inataka malipo yasiyorudishika. Mwambie rafiki yako aende dukani kwa miguu, au angalau apige simu. Yeye yuko huko, mtumie.

Kuna sababu nyingine ya bei kushuka ambayo muuzaji hatakuandikia kwenye tangazo: kiwango cha fremu kimepitwa. Mwaka 2019 kampuni ya SRAM ilileta sikio la direila la namna moja linaloingia kwenye fremu za makampuni mengi, linaitwa UDH. Sikio ni kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika direila, yaani ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni. Kazi yake ni kupinda au kuvunjika ili fremu ipone. Kabla ya UDH kila kampuni ilikuwa na umbo lake, na hata modeli mbili za kampuni moja zilitofautiana. Fremu yako ikiwa na UDH, utakuwa na kipande kinachopatikana popote duniani kwa miaka mingi ijayo. Ikiwa haina, sikio likivunjika kule Kitangari unasukuma baiskeli, kisha unasubiri posta. Si sababu ya kuiacha, lakini ni sababu ya kununua masikio matatu siku hiyohiyo.

Saizi. Zinazobaki mwisho kwenye mnada wa namna hii huwa ni ndogo sana au kubwa sana, na punguzo lina tabia ya kumshawishi mtu kwamba miguu yake imerefuka. Kwa kampuni nyingi, sentimita 172 ni M. Usiangalie herufi, fungua jedwali la vipimo utafute "reach", yaani umbali wa mlalo kutoka usawa wa ekseli ya pedeli hadi juu ya kichwa cha fremu. M nyingi za miaka hiyo zina kama milimita 450, na L kama 475. Ikiwa hiyo L ina 465 au 470, utaiweza, pengine kwa kubadili stemu, kile kipande kinachoshika usukani, ukaweka fupi. Ikiwa ina 490, iache. Baiskeli ndefu kwenye kona za mawe inamburuza mwenyewe, na hakuna spana ya kufupisha fremu. Angalia pia urefu wa bomba la siti, kwa sababu baiskeli hizi zina nguzo ya siti inayoshuka kwa kitufe. Bomba likiwa refu, nguzo haitazama vya kutosha na utabaki umekaa juu ya farasi.

Sasa kaboni. Nyuzi za kaboni zilizoshikwa kwa gundi ya epoksi zina nguvu kuliko unavyosikia vijiweni. Fremu za aina hii zimetengenezwa zirukishwe na zigongwe. Uzito unaookoa ukilinganisha na alumini ya modeli ileile ni kama nusu kilo hadi kilo moja, basi, usitegemee itapaa. Inachoogopa kaboni ni pigo la ncha, kubanwa kupita kiasi, na kusuguliwa.

Pigo la ncha utalizuia kwa kuvalisha bomba la chini kinga nene ya mpira. Kubanwa utakuzuia kwa kutomwachia kila mtu spana. Boliti ya kubana nguzo ya siti kwenye fremu nyingi inataka kama Nm 5, imeandikwa palepale kwa herufi ndogo, na fundi aliyezoea Phoenix anakaza mpaka mkono ugome. Nunua spana ya torki, ile inayopima umekaza kwa nguvu kiasi gani. Nunua na tyubu ya grisi ya kaboni yenye chembe za kushika, si grisi ya kawaida, ili nguzo isishuke bila kuhitaji kukazwa zaidi.

Kusuguliwa ndiko kunakoziua fremu huku kwetu, na hufanyika ndani ya basi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500. Baiskeli inalazwa kwenye buti, juu yake wanapanga mabegi na magunia, wanapitisha mpira wa kufungia mizigo katikati ya fremu, na katikati ya mpira na rangi kuna mchanga. Inatikisika hivyo usiku au mchana kutwa. Niliwahi kuletewa fremu ya kaboni iliyosafiri namna hiyo. Rangi ilikuwa imeisha, na chini yake nyuzi zilikuwa zinaonekana zimenyofoka kama kamba ya katani iliyolika. Mwenyewe alidhani ni mkwaruzo wa kupaka rangi. Kwa hiyo baiskeli yako ibaki kwenye boksi lake la dukani mpaka Mtwara, na boksi lisimame wima. Mlipe kondakta nauli ya mzigo mkubwa bila kubishana. Ni hela ndogo kuliko fremu.

Halafu kuna chumvi. Wenzetu wa bara hawana habari hii. Kaboni na alumini zikigusana mahali penye unyevu wa chumvi, alumini inaliwa, inatoa unga mweupe na kuvimba. Nguzo ya siti ya alumini ndani ya fremu ya kaboni, ukiiacha mwaka mzima huku pwani, inaweza kuganda isitoke tena. Ichomoe kila mwezi, futa, paka ile grisi ya kaboni upya, rudisha. Ukitoka Msimbati, ambako najua utakwenda tu kuendesha ufukweni bamvua linapotoka, osha kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, bila kupuliza maji ya nguvu kwenye beringi. Mimi baiskeli yenye beringi kumi na kitu siipeleki kwenye maji ya bahari kabisa, lakini najua vijana.

Fremu ikipata ufa, usiipeleke kwa mafundi wa boti za faiba. Ni mafundi wazuri kwa kazi yao, ila resini yao ya poliesta na kitambaa cha kioo si dawa ya fremu iliyojengwa kwa epoksi. Kaboni inatengenezeka, na wapo wanaoifanya vizuri, lakini si jirani. Na wasikudanganye kwamba alumini ingekuwa rahisi kwa sababu "inachomelewa". Alumini nyingi za fremu hupoteza nguvu pale zilipochomelewa mpaka zipikwe tena kwenye tanuru kwa joto maalumu. Kwa hiyo hapa Mtwara fremu iliyokatika ni fremu iliyokatika, iwe ya nini. Hata hivyo, kama duka hilo lina ya alumini ya modeli ileile yenye shokapu zilezile kwa bei ya chini zaidi, mimi ningechukua hiyo, na tofauti ningeitia kwenye vipuri. Hilo ni chaguo langu, mtu mwingine atakuambia vinginevyo.

Nimekaa sana kwenye kaboni kwa sababu ndiyo uliyouliza. Shokapu ndiyo itakayokula hela zako.

Shokapu hizi zinatumia hewa badala ya springi ya chuma, na ya nyuma inaweza kutaka psi 200 na zaidi. Pampu ya kijiweni haifiki huko, na ikifika itakuwa inavuja ukiichomoa. Unahitaji pampu ndogo ya shokapu yenye geji. Unajaza hewa, unakaa juu ya baiskeli na mavazi yako yote, unaangalia shokapu imezama kiasi gani kwa uzito wako tu. Nyuma tafuta asilimia 25 hadi 30 ya mwendo wa pistoni. Kama pistoni ina milimita 55, iwe imezama kama 14 hadi 16. Bila kupima hivyo utaendesha baiskeli ya yuro 2,700 ikiwa ngumu kama mkokoteni, na utasema kaboni mbaya.

Kisha matengenezo. Watengenezaji wa shokapu RockShox wanataka miguu ya chini ya foku, yaani ya shokapu ya mbele, ifunguliwe, isafishwe na kuwekewa oili mpya kila saa 50 za kuendesha, na chumba cha hewa cha shokapu ya nyuma vilevile. Fox wanasema huduma kamili kila saa 125 au mara moja kwa mwaka, kitakachotangulia. Ukiendesha saa nne kwa juma, saa 50 zinatimia ndani ya miezi mitatu. Na vipimo hivyo havikuwekwa kwa ajili ya mchanga wa Tandahimba, ule mwekundu laini unaopanda mpaka kwenye nyusi. Sili za vumbi zikichoka, mchanga unaingia na kukwangua mipako ya miguu ya foku, na mpako ukishakwanguka haurudi. Hapo unanunua sehemu yote ya juu.

Habari njema ni kwamba hizo huduma ndogo za saa 50 utajifunza mwenyewe. Zinataka sili, povu za ndani, oili sahihi kwa kipimo sahihi, sindano ya kupimia na subira. Ambacho huwezi, na mimi siwezi, ni kufungua moyo wa shokapu ya nyuma, maana nyingi zimejazwa gesi ya naitrojeni kwa shinikizo kubwa na zinahitaji vifaa maalumu. Siku ikianza kuvuja oili au kudunda bila kujizuia, inapakiwa kwenye boksi dogo na kusafiri nje ya nchi. Kwa hiyo angalia ni shokapu gani iliyofungwa. Ikiwa ni ya Fox au RockShox ya saizi inayouzwa kila mahali, utapata hata ya kubadilishia. Ikiwa kampuni ya baiskeli ilijitengenezea shokapu yake ya umbo la pekee, hapo ndipo ninapokuambia uache.

Beringi za viungo vya nyuma zina namba ubavuni, kama 6900 au 6902. Andika namba zote siku ya kwanza. Za baiskeli hujazwa gololi nyingi zaidi ili zibebe uzito, lakini ya kawaida ya namba ileile inaingia na itakuvusha mpaka zile halisi zifike.

Kwenye breki watu hukosea kwa kutouliza oili. Breki nyingi za SRAM za miaka hiyo zinatumia oili ya DOT, na DOT 4 inauzwa kila duka la spea za pikipiki na magari, kuanzia hapa mpaka Nachingwea. Shimano zinatumia oili ya madini, ambayo hutaipata dukani hapa, lakini haiharibiki kwa unyevu, na chupa moja inakaa miaka. DOT inafyonza unyevu, na kwa hewa yetu ibadilishe kila mwaka. Zote mbili zinafaa. Usichanganye tu, maana oili ya moja inavimbisha sili za nyingine, na usiweke DOT 5, ile ya silikoni, hata muuzaji akiapa.

Muulize pia muuzaji waya za giya na mipira ya breki inaingilia wapi kwenye fremu. Kuna mtindo wa kuipitisha ndani ya kichwa cha fremu, katikati ya beringi za usukani. Picha inapendeza, lakini huku pwani beringi hizo hushika kutu mapema, na kuzibadili unalazimika kukata mfumo wa breki na kutoa hewa upya. Iwe na matundu ubavuni. Na beringi za ekseli ya pedeli ziwe za kukaza kwa nyuzi za skrubu, si za kugongelea.

Matairi yasikupe presha. Chukua mapana, inchi 2.4 au 2.5, yasiyo na tyubu, na dawa ya kuziba pancha ndani. Kwa mbigili zetu hakuna namna nyingine. Joto hukausha dawa hiyo, ongeza kila baada ya miezi miwili mitatu. Valvu yake ni nyembamba, ya Presta, na pampu ya bodaboda haiingii. Nunua adapta ya shaba, ni bei ya soda, funga moja kwenye valvu na nyingine weka mfukoni. Beba na tyubu moja ya kawaida.

Je, njia zako zinastahili baiskeli hii? Mtwara hadi Mikindani ni lami, na barabara za Msimbati ni mchanga mzito. Kwenye mchanga shokapu ya nyuma haikusaidii kitu, ni upana wa tairi na miguu yako. Kama ungekuwa unaendesha huko tu ningekuambia nunua ya alumini yenye shokapu ya mbele peke yake, ubaki na zaidi ya nusu ya pesa. Lakini umetaja Newala, pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla na kuteremka kuelekea bonde la Ruvuma, na umetaja Masasi. Vijia vya kule vina mawe, mizizi na makorongo yaliyochimbwa na mvua za masika. Hapo milimita 140 za nyuma zina kazi. Ukipata nafasi vuka na upande wa Lindi, uwanda wa Rondo, utanishukuru.

Hesabu ya mwisho isiwe yuro 2,700. Weka mzigo wa ndege, na boksi lenyewe lisipite kilo 23. Forodha wanapiga ushuru kwenye bei pamoja na usafiri na bima, kisha VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe. Muulize wakala wa forodha kabla rafiki yako hajapanda ndege, na asije na hadithi ya kwamba ni mtumba. Ashike risiti. Risiti hiyo iandikwe jina lako, si lake, kwa sababu dhamana ya fremu kwa kampuni nyingi ni ya mnunuzi wa kwanza peke yake. Juu ya hapo tenga kama moja ya tano ya bei kwa ajili ya vitu nilivyotaja: pampu ya shokapu, spana ya torki, masikio ya direila, pedi za breki, sili, oili, cheni moja, spoku chache za urefu wa magurudumu yako. Vije ndani ya boksi hilohilo, maana kuviagiza kimojakimoja baadaye nauli itakuwa kubwa kuliko vyenyewe.

Kabla ya kulipa, rafiki yako alete picha za namba ya fremu, ya maandishi yaliyo kwenye shokapu ya nyuma, ya sikio la direila, na ya mahali waya zinapoingilia. Kwa namba ya fremu angalieni kwenye tovuti ya kampuni kama modeli hiyo iliwahi kurudishwa kiwandani kwa kasoro. Nitumie mimi hizo picha pamoja na jedwali la vipimo, nitakujibu siku hiyohiyo. Boksi likifika Mtwara usilifungue stendi. Lilete gereji, tutagongagonga kwa sarafu fremu yote tukisikiliza mlio kama kuna ufa, kisha tutakaza boliti moja moja kwa torki na kukupimia hewa ya shokapu ukiwa na begi lako la maji mgongoni.